Mkoba Wenye Ndimi Nane

Watu waliobuni mkoba wa pweza hawakuwa na pweza. Wacree na Wametis wa bonde la Red River, katika Manitoba ya leo, waliishi ndani kabisa ya bara la Amerika Kaskazini, mahali ambapo mtu angeweza kuzeeka bila kuonja maji ya chumvi. Mkoba wao ulikuwa wa kutilia tumbaku, kiko, gumegume na kipande cha chuma cha kupigia cheche. Wametis, waliozaliwa na baba wa Kizungu na mama wenyeji, waliuita kwa kazi yake: mkoba wa moto. Upande wa chini zilining'inia ndimi nane za ngozi au kitambaa, mbili mbili. Ulisafiri kuelekea magharibi, ukavuka milima, ukateremka hadi pwani ya Alaska, na huko ukaangukia mikononi mwa watu ambao walipozihesabu zile ndimi hawakuwaza moto hata kidogo. Watlingit waliuita náakw gwéil. Náakw ni pweza; gwéil ni mkoba.

Msomaji wa Jambiani au Kilwa hahitaji kuelezwa kwa nini. Anayeshuka pwani maji yakitoka, kijiti cha kuchokolea mkononi, anajua pweza ana mikono mingapi.

Kwa Watlingit wa kusini-mashariki mwa Alaska, na majirani zao Wahaida wa visiwa vya Haida Gwaii, pweza alikuwa kitoweo, lakini zaidi alikuwa chambo. Vipande vya mikono yake vilifungwa kwenye ndoana kubwa za mti, zilizochongwa sura za wanyama na watu, ili kumvuta halibati, samaki bapa anayeweza kumzidi mvuvi kwa uzito. Waganga wa Kitlingit nao walimhesabu pweza miongoni mwa roho za kuwasaidia, na vinyago vyao mara nyingi huonyesha vile vikombe vyake vya kunyonyea, vimepangwa safu.

Alikuwamo hata mfukoni mwa mcheza kamari. Mchezo mkubwa wa pwani yote ile ulichezwa kwa vijiti vya mti mgumu, vilivyosuguliwa hadi vikang'aa, kila kimoja na alama zake za rangi au za kuchomwa kwa moto. Seti nzima, vijiti arobaini, hamsini au zaidi, ilihifadhiwa kwenye mfuko wa ngozi wenye mfuniko mrefu, uliozungushwa na kufungwa kwa ukanda. Vijiti vilichanganywa chini ya nyuzi laini za gome la mwerezi na kugawanywa mafungu, kisha mpinzani akatakiwa kukisia lipi lina kijiti kimoja tu chenye maana. Wahaida walikiita djil, yaani chambo. Watlingit walikiita kwa jina la pweza. Kwa hiyo pwani ile ilikuwa imekwisha kumtia pweza kwenye mfuko wa ngozi muda mrefu kabla mkoba wa Red River haujabisha hodi.

Ngozi yenyewe ilikuwa bidhaa ya kuagizwa. Kwenye visiwa vile vya mvua, mierezi na ukungu, wanyama wenye ngozi nene na pana hawakuwa wengi. Ngozi nzuri ilitoka bara: ya muusi, mnyama wa jamii ya kulungu anayemzidi farasi kwa kimo, na ya karibuu, ambaye jina lake halina uhusiano wowote na ukarimu wetu. Wanawake wa makabila ya bara, Watahltan, Watagish na Watutchone, waliikwangua manyoya na nyama, wakaisugua kwa ubongo wa mnyama hadi ikalainika kama kitambaa, kisha wakaifukiza kwa moshi wa kuni zilizooza. Ilitoka na rangi ya asali na harufu ya moshi ambayo hukaa ndani ya ngozi miaka na miaka.

Mabaharia wa Marekani na Uingereza waliligundua hitaji hilo mapema. Katika miaka ya 1790, nahodha mwenye hesabu zake alinunua ngozi nene za kulungu wakubwa mlangoni mwa mto Columbia, kusini, akazipeleka kaskazini kwa Wahaida na Watlingit waliozitaka kwa ajili ya deraya za vita, akabadilisha na ngozi za fisi-maji wa baharini. Manyoya yale yakaenda Canton kwa Wachina, na meli ikarudi Boston imejaa chai. Wahaida walizichora deraya na mavazi ya ngoma kwa mistari minene myeusi na myekundu, kunguru, tai, nyangumi, na kwenye pindo wakatundika kwato za kulungu na midomo ya ndege wa baharini ili kila hatua ya mchezaji isikike. Mchoro juu ya ngozi ulikuwa kazi ya wanaume. Sindano ilikuwa ya wanawake, na hadithi ya mkoba wa pweza ni hadithi ya sindano.

Jinsi mkoba ulivyovuka milima ni suala la biashara, na Watlingit hawakungoja wageni wawafundishe biashara. Njia za kupenya milima, Chilkoot, Chilkat, Taku na bonde la mto Stikine, zilikuwa mali ya koo. Mtu wa bara hakuweza kushuka mwenyewe pwani kuuza ngozi zake. Ilibidi amsubiri Mtlingit apande. Naye alipanda na mwani mkavu, bidhaa za meli, na mafuta yaliyokamuliwa kwenye samaki wadogo waitwao eulachon, mafuta yaliyopendwa kiasi kwamba njia zenyewe hadi leo huitwa njia za mafuta. Aliposhuka, alishuka na manyoya, ngozi laini, na vitu alivyoviona vikivaliwa huko juu.

Mwaka 1839 Kampuni ya Hudson's Bay, kampuni ya Kiingereza ya biashara ya manyoya, ilikodi kutoka kwa Warusi, waliodai Alaska wakati huo, ukanda wa pwani ya bara, kodi yake ngozi 2,000 za fisi-maji wa mtoni kila mwaka. Wenye ardhi hawakuulizwa. Mwaka uliofuata kampuni ikachukua ngome ya Warusi kwenye mlango wa Stikine. Wapiga makasia na wawindaji wa kampuni hiyo, wengi wao, walikuwa Wametis, Wacree, au waume wa wanawake wa Kicree, na mikoba ya moto waliyoshonewa na mama na wake zao ilikuwa sehemu ya mavazi yao ya fahari. Inaelekea kuwa mkoba ulishuka kwa njia hiyo, kwa macho kwanza na kwa mikono baadaye: Watahltan wakaushona, Watlingit wakaushona, na kutoka kwao ukawafikia baadhi ya Wahaida.

Lakini mtu asidhani kwamba Watlingit walipokea kila kilichokuja na Kampuni. Robert Campbell, mtumishi wake, alijenga kituo cha Fort Selkirk mwaka 1848 mbali kule Yukon, ndani ya eneo ambalo Wachilkat, Watlingit wa kaskazini, walilihesabu kuwa soko lao. Mwaka 1852 Wachilkat walivuka milima, safari ya majuma, wakakiteka kituo, wakachukua mali na kumfukuza Campbell bila kumuua. Yeye akaishia kutembea kwa viatu vya theluji majira yale ya baridi hadi Minnesota kwenda kuomba msaada, na wakubwa wake wakamwambia kituo hakitajengwa tena. Miaka kumi na saba baadaye Kohklux, chifu wa Klukwan, kijiji cha Wachilkat, aliyekuwamo katika uvamizi ule, aliketi na wake zake wawili wakamchorea mtaalamu mmoja wa Kimarekani ramani ya njia nzima, kila ziwa na kila kambi ya usiku. Ni vema kuwakumbuka hao wake wawili. Wanawake wa pwani ile waliijua njia, na waliijua bei.

Kilichoshuka kwa wingi zaidi kilikuwa ushanga, na hapa Mswahili anajikuta nyumbani ghafla. Shanga ndogo za kioo zilizotungwa na sindano za Watlingit zilitengenezwa Venice na Bohemia, na viwanda hivyohivyo vilijaza maghala ya Zanzibar. Richard Burton, msafiri wa Kiingereza aliyefika Zanzibar mwishoni mwa 1856, aliandika juu ya ushanga mmoja mwekundu wenye moyo mweupe uliotafutwa kuliko yote barani. Uliitwa samesame, na wachuuzi waliupa majina ya utani yenye maana ya kimaliza chakula, kwa kuwa mwanamume angeutoa mlo wake ili aupate, na kivunja mji, kwa jinsi wanawake walivyoupenda. Shanga za aina hiyohiyo, nje nyekundu na ndani nyeupe, zilisambazwa na Kampuni ya Hudson's Bay kiasi kwamba wakusanyaji wengi huziita kwa jina lake. Msafara wa kwenda Tabora na mtumbwi wa kwenda Stikine ungeweza kubeba mzigo wa fundi yuleyule.

Pamoja na ushanga lilikuja joho, kitambaa kizito cha sufu kilichofumwa Uingereza, chekundu au buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Joho halikuhitaji kukwanguliwa wala kufukizwa, na rangi yake iliupa ushanga uwanja ambao ngozi ya rangi ya asali haikuweza kuutoa. Polepole mikoba mingi ya Watlingit ikawa ya joho. Ngozi haikutoweka, ilibaki kwenye mikanda, kwenye viatu laini, na kwenye mikoba ya waliopenda ibaki.

Ukiuweka mmoja mezani, una urefu wa karibu nusu mita, mwembamba juu na mpana kidogo chini, kama chupa iliyobanwa. Mdomo uko juu. Ndani kuna bitana ya chiti yenye maua madogo, ambayo hakuna atakayeiona ngomani. Chini, vipande viwili vya joho vimekatwa ndimi nne kila kimoja, vikashonwa kwa jozi, na ncha ya kila ulimi ina kishada cha uzi wa sufu. Kingo zote zimefungwa kwa utepe au kwa mstari wa shanga nyeupe. Mshonaji alitumia sindano mbili. Ya kwanza ilivuta uzi wenye shanga na kuulaza juu ya mstari wa mchoro. Ya pili ilifuata nyuma, ikipita juu ya uzi huo baada ya kila shanga mbili au tatu na kuugandisha kwenye kitambaa. Mkono ukilegea, mstari unapinda. Ukikaza mno, joho linajikunja. Kwa kuwa ndimi ni nyembamba na zinacheza, kosa dogo kwenye ulimi mmoja huonekana mara mbili: mara mkoba ukiwa umetulia, na mara nyingine unapoyumba.

Na michoro? Wametis walishona maua, wakayashona vizuri hivi kwamba majirani zao waliwaita watu wa ushanga wa maua. Watlingit walichukua maua, wakayafanya mazito na ya kujiviringisha, kila upande ukiwa kioo cha mwenzake. Kisha wakaongeza mchoro wao: majani marefu yanayopinda na kugawanyika kama vile yanavutwa na mkondo wa maji. Unaitwa mwani. Pwani ilikuwa imekwisha kuupa mkoba jina la pweza. Sasa ikampa pweza mwani wa kukaa.

Kwenye mikoba mingi hakuna kunguru wala tai wala nembo yoyote ya ukoo, na jambo hilo liliwachanganya wageni wengi. Jamii ya Kitlingit imegawanyika nusu mbili, Kunguru na Tai, na mtoto hufuata ukoo wa mama. Nembo za ukoo ni mali inayolindwa vikali. Kuchora nembo ya wengine ni wizi. Maua na mwani havikuwa nembo ya mtu, hivyo mwanamke aliweza kumshonea yeyote, hata mtu wa nusu ya pili, bila kuvunja sheria. Ila kitu hakihitaji nembo ili kiingie katika hazina ya ukoo. Kuna neno la Kitlingit, at.óow, ambalo Nora Marks Dauenhauer, mshairi na mwanazuoni wa Kitlingit, na mumewe Richard walilieleza kwa kirefu: ni kitu kinachomilikiwa au kilichonunuliwa. Chombo, wimbo, jina, hata mahali, huwa at.óow kinapoletwa mbele ya wageni wa nusu ya pili katika karamu iitwayo ku.éex', wageni wakashuhudia, na wenyeji wakawalipa kwa ushahidi wao.

Karamu hiyo hufanyika mara nyingi mwaka mmoja hivi baada ya kifo. Nusu ya pili ndiyo iliyozika, ikalisha, ikafariji; sasa inalipwa. Nyimbo za msiba hutangulia, kisha vicheko, kisha ngoma, chakula, zawadi na fedha hadi alfajiri. Kabla yake huwa kuna arobaini, desturi iliyoota mizizi kwa mchango wa kanisa la Kiorthodoksi la Warusi. Wanaocheza huvaa blanketi zenye vifungo vya chaza, kofia za ukoo, na begani hupita mkanda wa mkoba wa pweza. Mchezaji anapogeuka, ndimi nane huchelewa kidogo, kisha humfuata.

Ndani mara nyingi hamkuwa na kitu. Tumbaku yenyewe ilikuwa na historia yake: Wahaida walilima tumbaku yao ya asili katika bustani, wakaitafuna na chokaa ya makombe yaliyochomwa, sawa kabisa na bibi wa Lamu na tambuu yake. Tumbaku ya meli ilipofika, ile ya bustani iliachwa, na kabla ya karne ya 19 kwisha ilikuwa imepotea.

Mengi yalipotea kwa namna hiyo, na mengine kwa namna mbaya zaidi. Ndui ya 1862 iliwafagia Wahaida. Vijiji vikaachwa vitupu, na mwanzoni mwa karne ya 20 watu kama 600 tu ndio waliobaki Haida Gwaii. Kanada ilipiga marufuku karamu za kugawa mali kuanzia 1885 hadi 1951. Upande wa Alaska, uliouzwa na Warusi kwa Marekani mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, hakukuwa na sheria kama hiyo, lakini wamisionari na shule walifanya kazi yake. Mwaka 1904 gavana John Brady, mmisionari wa zamani, aliruhusu karamu kubwa Sitka kwa matumaini kwamba ingekuwa ya mwisho. Haikuwa. Picha za karamu hiyo zinaonyesha wageni wamevaa fahari zote pamoja: blanketi za kufumwa za Chilkat, na kando yake ushanga kifuani na begani.

Wakati huohuo stima za watalii zilitia nanga Sitka na Wrangell, na wanawake waliketi gatini wakiuza vikapu, viatu laini na vijimkoba vya ushanga. Kwa familia nyingi hizo ndizo zilikuwa fedha za unga na sukari. Wakusanyaji wa makumbusho walipita hapohapo bila kuinama. George Emmons, luteni wa jeshi la wanamaji aliyekaa Alaska miaka ya 1880 na 1890, aliiuzia makumbusho ya New York maelfu ya vitu, na vilivyosifiwa vilikuwa vinyago, manyanga na vyombo vya waganga. Ushanga ulihesabiwa kuwa wa kigeni, wa kike, na wa juzi. Hukumu hiyo ilidumu karibu karne nzima, na ni hukumu ya ajabu, kwa kuwa visu vya chuma vilivyochonga vile vinyago navyo vilitokana na chuma cha biashara, na hakuna aliyevilaumu. Kitabu cha Megan Smetzer juu ya ushanga wa wanawake wa Kitlingit kilitoka 2021. Hadi hapo msomaji aliyetaka kitabu kizima juu ya kazi hiyo alitafuta kwa shida.

Wanawake wenyewe hawakusubiri kitabu. Emma Marks wa Juneau, mama yake yule mshairi Nora, alishona ushanga maisha yake yote na kuwafundisha binti zake. Esther Littlefield wa Sitka, mshonaji wa mavazi ya ngoma, alipewa tuzo ya taifa ya urithi wa sanaa mwaka 1991. Tangu 1982, kila baada ya miaka miwili, Watlingit, Wahaida na majirani zao Watsimshian hukusanyika Juneau kwa siku kadhaa za ngoma, na wanapoingia mjini kwa maandamano mtu anaweza kusimama pembeni na kuhesabu mikoba ya pweza: ya joho la zamani, ya sufu mpya, ya watoto, mingine na tai wa ushanga palipokuwa na ua.

Fisi-maji wa baharini, ambaye manyoya yake ndiyo yaliyozileta meli pwani ile, aliwindwa hadi akatoweka kabisa kusini-mashariki mwa Alaska. Kati ya 1965 na 1969 walirudishwa kama 400 kutoka sehemu nyingine za jimbo, nao wamezaana hadi kuwa maelfu mengi. Sheria ya Marekani ya 1972 ya kulinda mamalia wa baharini inawaruhusu wenyeji wa pwani ya Alaska pekee kuwawinda, na ngozi ghafi hawawezi kumuuzia mtu wa nje. Lazima kwanza mwenyeji aishone kuwa kitu: kofia, glavu, mto, mkoba. Ngozi iliyoondoka kwa marobota kwenda Canton sasa haitoki pwani kwa mauzo kabla ya kupita chini ya sindano, na nyingine haitoki kabisa. Hushonwa kwenye pindo za mavazi ya ngoma na kusubiri karamu ijayo.